Sukuma ya Baridi ya Kwanza

Jumamosi hiyo upepo uliamka na ugomvi. Ulitoka baharini, ukavuka mashamba yote ya kaskazini bila kukutana na kilima hata kimoja, ukaingia Groningen, mji wa Uholanzi, na kuanza kuwasumbua watu wa soko la Vismarkt. Ulipandisha maturubai, ukaangusha bango la bei za jibini, ukamvua kofia bwana mmoja mwenye heshima zake. Ulipofika kwenye kibanda cha mboga cha Roelf Bolhuis, ukasukuma kreti tupu lililokuwa juu ya rundo, nalo likamwangukia Hiske Terpstra mkononi.

Hiske alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alivaa koti la sufu rangi ya haradali alilolishona mwenyewe, na skafu ya kijani aliyoizungusha shingoni mara tatu hadi kidevuni. Kazi yake ilikuwa kushona mavazi ya waigizaji katika jumba la maonyesho la mji, kwa hiyo hapakuwa na mtu sokoni pale aliyemshinda kwa kuvaa, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Alikuja kununua karoti tu.

"Lo! Pole, dada! Pole sana!" Roelf aliruka meza yake kwa miguu mirefu ya mkulima, aproni inapepea. "Umeumia? Hebu nione."

"Si kitu. Umenikwaruza tu."

"Si mimi, ni kreti."

"Kreti ni la nani?"

"La... haya, ni langu."

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mdogo, nyuma ya kiganja. Lakini damu ilitoka, na ilivyotoka haikuonyesha nia ya kuacha. Roelf akabandika plasta, ikalowa. Akabandika ya pili juu yake, nayo ikalowa. Akashika kitambaa safi cha kufutia tufaha na kuukandamiza mkono ule kwa vidole vyake vipana vyenye udongo kwenye kucha.

"Dada, humo ndani umeficha ng'ombe mzima?"

"Ngozi yangu ni nyepesi," alisema Hiske, akatazama pembeni.

"Kwenu wapi?"

"Friesland," alisema, akitaja mkoa wa jirani.

"Ahaa! Sema hivyo. Wafrisia nyinyi hata damu yenu haisikii amri."

"Na nyinyi watu wa Groningen mnapanga makreti kama mnavyopanga maneno. Machache, tena vibaya."

Foleni ikacheka, kwa jinsi watu wa mji ule wanavyocheka, yaani kwa kupumua kidogo puani. Bi Fenje, mzee wa miaka themanini aliyefika hapo kila Jumamosi kununua vitunguu vya majani, akagonga fimbo yake chini.

"Roelf, mfunge bandeji au mpime kilo. Mimi nina basi la saa tano."

Hiske aliondoka na karoti za bure, na nyuma ya mfuko wa karatasi palikuwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa penseli. Alitembea hadi nyumbani mkono ukiwa juu kifuani, kama alivyofundishwa, mpaka damu ikakubali kukatika. Ilichukua dakika arobaini.

Kuna jambo ambalo hakulisema pale sokoni, wala hakuwa na mpango wa kulisema. Miaka tisa nyuma, akiwa na miaka ishirini na miwili, jino bovu lilimletea maambukizi. Vijidudu vikapita kwenye damu, vikatua moyoni, vikaitafuna vali moja, kilango cha kupitishia damu, kabla madaktari hawajajua homa inatoka wapi. Alilazwa wiki sita na mrija wa dawa mkononi, kisha wakampasua kifua na kumwekea vali ya chuma. Chuma kile kilifanya kazi yake vizuri kabisa. Ila damu haikipendi chuma. Ikikigusa hutaka kuganda, na donge likishaganda hapo linaweza kusafiri hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana kila siku saa kumi na mbili jioni Hiske alimeza vidonge vyeupe, siku nyingine viwili, siku nyingine vitatu, kwa kufuata kalenda anayopangiwa na kliniki ya damu. Na kila baada ya wiki nne, Alhamisi asubuhi, alikwenda kwenye ukumbi wa mtaa, chumba cha pembeni mwa wacheza karata, akakunja mkono wa blauzi, na Bi Alida, muuguzi wa kliniki, akamtoa damu huku akimuuliza maswali yake matano.

"Umetokwa damu popote? Dawa mpya? Homa? Kuna jino la kung'oa? Chakula kimebadilika?"

Hapana, hapana, hapana, hapana, hapana. Kwa miaka tisa majibu hayo yalimtoka mdomoni kabla swali halijaisha.

Hayo angeweza kumwambia mtu. Lililomshinda ni sauti. Vali ya chuma hulia. Mahali penye kelele huisikii, lakini chumba kikitulia inasikika kifuani, tik, tik, tik, bila kupumzika. Alikuwapo mwanamume mmoja, Douwe, aliyelala karibu na sauti hiyo siku sitini. Siku ya sitini na moja akasema anahisi amelala na saa ya ukutani, na kwamba usiku kucha anangoja isimame. Akaondoka kabla ya kunywa chai. Tangu hapo Hiske alijifunza kuishi penye makelele: redio asubuhi, cherehani mchana, mikahawa ya wanafunzi jioni. Na skafu alizishona nene.

Alikaa na mfuko wa karoti siku tatu, kisha akapiga simu.

"Bolhuis."

"Nimepiga kuulizia hali ya kreti."

Roelf akacheka, safari hii kwa mdomo. "Limelazwa. Halijaruhusiwa kuonana na watu. Mkono je?"

"Unaendelea."

"Naweza kuja kuukagua?"

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mkulima. Naangalia kitu kama kimeoza au bado."

Basi ikawa hivyo. Alimkagua mkono kwenye mkahawa wenye muziki wa juu, akaukagua tena wiki iliyofuata kwenye baa ya wapiga makasia, na mara ya tatu mkono ulikuwa umepona zamani lakini hakuurudisha. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita, anaishi peke yake shambani nje ya mji. Shati lake la mistari lilinyooshwa upande wa mbele tu, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu akiwa ameinamisha kichwa. Hiske alimpenda. Hilo halihitaji maelezo marefu. Alikuwa akishona gauni la malkia, anajikuta anatabasamu kwenye pindo.

"Mbona kila mara unachagua mahali tunapolazimika kupiga kelele?" Roelf alimuuliza kwenye simu jioni moja.

"Nataka nikusikie vizuri."

"Mfrisia wewe una akili za kinyumenyume."

"Na bado unapiga simu."

"Napiga. Leo nimepiga mara ngapi?"

"Nne."

"Basi bado moja."

Novemba ikaingia, na usiku mmoja baridi ikagandisha mashamba. Watu wa kule wanaijua habari hiyo na huingoja. Sukuma yao, ile ya majani yaliyojikunja, ikipigwa na baridi ya kwanza uchungu wake huondoka na huwa tamu. Roelf alifika mlangoni kwa Hiske amekumbatia furushi la sukuma lililomfunika uso. Akavua buti, akaingia jikoni, akachemsha viazi, akavipondaponda pamoja na sukuma na kipande cha siagi kisichokuwa na aibu, akaweka soseji juu. Redio ilikuwa imewashwa. Madirisha yakajaa mvuke.

"Onja."

Hiske akaonja. Akafumba macho.

"Vipi?"

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi," alisema.

Kule Groningen hakuna sifa inayopita hiyo. Roelf akaona haya mpaka masikio. "Nilimpikia dada mmoja wa mjini zamani. Alichokonoa sahani kama anatafuta pete iliyopotea. Wewe unakula. Napenda mwanamke anayekula bila maswali, Hiske. Kukutazama tu kunanipa raha."

Akambusu hapo hapo, mdomo una siagi.

Hiske aliijua kanuni kuliko mtu yeyote. Mboga za majani hazikatazwi. Kinachotakiwa ni kiasi kilekile wiki hadi wiki, kwa sababu sukuma inaipa damu nguvu ya kuganda, na vidonge hupimwa kulingana na chakula. Angesema, "Mpenzi, kidogo tu," mambo yangekwisha. Au angempigia Bi Alida, wakampangia dozi upya. Lakini kusema "kidogo tu" kungezaa "kwa nini", na "kwa nini" ingezaa vali, na vali ingezaa ule uso aliouona kwa Douwe. Miaka tisa alikuwa mgonjwa. Alitaka msimu mmoja tu wa kuwa mwanamke anayekula. Kwa hiyo Roelf alileta sukuma Jumatatu, akaleta Jumatano, akaleta Ijumaa, na Hiske akala.

Alhamisi ya kupimwa ikafika, maswali matano yakajibiwa. Alasiri simu ikalia, Roelf akiwa amekaa kwenye kochi la Hiske amechoka na shamba. Hiske aliona namba ya kliniki akatoka hadi kwenye ngazi, akafunga mlango.

"Hiske, mwanangu, namba yako imeshuka, damu inaganda upesi mno," alisema Bi Alida. "Mbili nukta moja. Wewe kawaida yako ni tatu, hujawahi kunifanyia hivi. Umeruka vidonge?"

"Hapana."

"Umebadilisha chakula?"

Harufu ya viazi na sukuma ilikuwa bado imeganda kwenye nywele zake. "Hapana."

"Haya. Leo na kesho ongeza kimoja, halafu nikuone Alhamisi ijayo. Bila kukosa, umenisikia?"

"Nimesikia."

Aliporudi ndani Roelf alikuwa ameketi wima.

"Nani huyo hata inabidi usimame kwenye baridi?"

"Mtu wa kazini."

"Ana jina?"

"Jina lake ni Mtu wa Kazini."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Alikuwa na tiketi mbili za kivuko mfukoni, alizipanga kama siri. Siku tatu, vyumba viwili, kwenye kisiwa cha Schiermonnikoog, Jumatano hadi Ijumaa, msimu ambao wageni wameondoka na ufukwe wote ni wenu.

"Alhamisi siwezi, mpenzi," alisema Hiske.

"Alhamisi tena." Akaziweka tiketi mezani polepole. "Nimeanza kuzihesabu Alhamisi zako. Niambie tu. Kama yupo, yupo. Mimi si mtoto."

"Hakuna mtu!"

"Basi Alhamisi kuna nini?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Alihitaji kusema sentensi moja. Badala yake alimshika mashavu mawili, akasema, "Hakuna kitu. Twende." Asubuhi yake akapiga simu kliniki akaahirisha kipimo mpaka Jumatatu, na kwa sauti tamu kabisa akasingizia kazi.

Kisiwa kiliwapokea na ukungu. Wakatembea Alhamisi nzima kwenye mchanga usio na mwisho, bahari iko mahali fulani kushoto, haionekani. Rangi zote zilikuwa zimeondoka isipokuwa koti lake la haradali. Walisema maneno machache. Roelf alimuokotea ganda la chaza lenye rangi ya zambarau ndani, akamtilia mfukoni. Wakasimama. Upepo, ambao kwa mara ya kwanza mwaka ule ulikuwa umelala, haukumsaidia Hiske. Hapakuwa na redio wala gari wala ndege wa baharini. Kulikuwa na ukungu na wao wawili, na Hiske akahisi furaha kubwa kiasi kwamba alisahau kujilinda. Aliegemeza kichwa begani kwake. Skafu ilikuwa imelegea.

Tik, tik, tik.

Roelf akainamisha kichwa, kama alivyozoea kusikiliza.

"Ni nini hiyo?"

"Saa yangu," alisema Hiske.

Roelf aliutazama mkono wa Hiske uliokuwa umeshika wake. Kifundo kilikuwa kitupu, hakina saa. Alimfunga skafu vizuri, wakaanza kurudi.

Asubuhi iliyofuata, mezani kwenye nyumba ya wageni, Hiske alitaka chumvi. Alikiona kikopo, alijua kazi yake, lakini neno halikuja. Akatafuta jingine, nalo halikuja. Akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyokuwa na umbo. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Alimwona Roelf anasimama, anaita, mdomo wake unataja jina, na Hiske alilitambua jina hilo kuwa ni lake ila hakuweza kuliitikia. Ajabu ni kwamba hakuogopa. Aliona mvuke wa chai unapanda taratibu kwenye mwanga, akaona ni mzuri sana.

Helikopta ya wagonjwa ikashuka kwenye uwanja wa mpira, ikawabeba wote wawili juu ya ukungu, hadi hospitali ya bara. Maneno yalirudi njiani, moja moja. La kwanza lilikuwa chumvi.

"Donge dogo," alisema daktari, binti mwenye nywele fupi na viatu vya kukimbilia, akitazama picha ya moyo. "Limejishika kwenye ukingo wa vali. Kipande kimetoka, kimepita ubongoni, kimeyeyuka chenyewe. Una bahati. Sasa tunakuwekea dawa kwenye mrija, liishe lililobaki. Vali ya chuma una miaka mingapi nayo?"

"Tisa," alisema Hiske.

Roelf alikuwa amekaa pembeni, koti la Hiske magotini.

"Na namba imeanguka hadi moja nukta sita. Hilo halitokei hivihivi. Umekuwa ukila nini? Kuna mboga za majani kwa wingi? Sukuma, spinachi?"

Roelf alijibu kwa uso wake kabla ya Hiske. Daktari aliwatazama wote wawili, akasema atarudi baadaye.

Mashine ya dawa ilikuwa ikitoa mlio mdogo. Roelf aliongea kwa sauti ya chini sana.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Toka sahani ya kwanza?"

"Toka ya kwanza."

"Na zile nyingine zote."

"Roelf, nisikilize..."

Alisimama. Akalitandika koti la haradali juu ya kiti, mikono yake ikilinyoosha mabegani kwa uangalifu kana kwamba kuna mtu ndani yake. Kisha akatoka.

Siku tano alilazwa, na baada ya siku tano wiki mbili nyumbani. Alimpigia Roelf simu, haikupokewa. Alimwandikia ujumbe, ukaonekana umesomwa, basi. Ndani ya nyumba hakuwasha redio tena. Alikaa na mlio wake mwenyewe siku nzima, na akagundua kwamba hauchukii. Aliyemchukia ni yule Hiske aliyesema "saa yangu".

Alipokwenda ukumbini kutoa damu, Bi Alida alifunga mpira mkononi kwake kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Miaka tisa nakuuliza maswali matano. Ulidhani nauliza kwa kujifurahisha?"

"Nisamehe, Bi Alida."

"Mimi nina sindano, nimeshakusamehe. Sema ukweli. Chakula kimebadilika?"

"Kilibadilika," alisema Hiske, na machozi yakamtoka. "Kilikuwa kitamu. Alikuwa ananipikia, Bi Alida, anakaa kunitazama, na mimi niliona bora nife kuliko anione mgonjwa. Nilikuwa mjinga."

Bi Alida alibandika pamba na kuikandamiza. "Ujinga huo tunao wengi. Yeye yuko wapi?"

"Amekasirika."

"Umemwomba radhi?"

"Hapokei simu."

"Mtu mwenyewe kazi yake ni nini?"

"Anauza mboga. Vismarkt."

"Sasa, mwanangu," alisema Bi Alida akivua glavu, "mtu anayesimama mahali pamoja kila Jumamosi tangu alfajiri unampigia simu ya nini?"

Jumamosi Hiske alivaa gauni la bluu lenye shingo wazi, lililoacha kovu la kifua lionekane hadi chini ya koo. Akaliacha koti bila vifungo, na skafu akaiacha nyumbani. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Alipanga foleni, maana kule hata anayekwenda kuomba msamaha hupanga foleni. Mbele yake alikuwa Bi Fenje na fimbo yake, nyuma yake watu sita.

Roelf alimwona. Mikono ikasimama sekunde moja, kisha ikaendelea kupima. Alikuwa amekonda. Bi Fenje akalipa, lakini hakuondoka.

"Nipe kilo moja ya karoti," alisema Hiske.

"Karoti zimekwisha."

"Naziona hapo."

"Zimeshanunuliwa."

"Na nani?"

"Mtu wa kazini."

Hilo lilichoma, naye alistahili. Akavuta pumzi.

"Basi nipe dakika mbili."

"Kuna foleni, Hiske."

"Foleni nayo isikilize." Aligeuka nusu, akaongea kwa sauti ambayo watu wa mji ule hawaitumii labda nyumba ikiungua. "Mimi nina chuma moyoni. Vali. Inalia, mkikaa kimya mtaisikia. Kila jioni nameza dawa, na Alhamisi napimwa damu. Sikumwambia mtu huyu. Alinipikia sukuma mara kumi na mbili, nikala mara kumi na mbili, nikijua. Si yeye aliyenidhuru. Ni mimi. Niliogopa atanikimbia, nikamdanganya mpaka akakimbia."

Soko lote halikunyamaza, masoko hayanyamazi. Lakini foleni ile ilinyamaza, na mwanamume mmoja akazima injini ya pikipiki yake.

Roelf aliweka mizani chini. Alipoanza kusema, maneno yalimtoka yote kwa pamoja.

"Unadhani kilichoniuma ni chuma? Mimi nimekulia kwenye matrekta. Kule ufukweni niliisikia, Hiske. Nilijua si saa. Nikasema moyoni, ngoja, ataniambia mwenyewe, usimharakishe. Nikalala nimefurahi, nikifikiri kesho ataniambia! Kesho yake ulianguka mbele yangu. Ungekufa mezani, na mimi ningekaa shambani maisha yangu yote nikifikiri nilikulisha vizuri. Hukunipa nafasi ya kuwa mtu mwema. Ulinifanya nikuue huku nacheka."

"Najua."

"Hujui!"

"Najua, Roelf. Ndiyo maana nimekuja bila skafu."

Alilitazama kovu. Alilitazama kwa muda, bila kujificha, tangu juu hadi linapoingia ndani ya gauni, na uso wake haukuwa ule aliouogopa miaka yote. Ulikuwa uso wa mtu aliyekesha wiki tatu.

"Utapata baridi," alisema.

"Bado umekasirika?"

"Sana."

"Hasira zenyewe zitaisha lini?"

Roelf alifikiri. Alitazama juu kwenye turubai, akapiga hesabu kimoyomoyo, na foleni nzima ikangoja pamoja naye.

"Mimi mtu wa polepole," alisema. "Nikijipima vizuri, naona miaka arobaini."

Madaktari walimhesabia Hiske wiki nne nne. Douwe alimhesabia siku sitini. Yeye mwenyewe, akilala, alikuwa hahesabu kupita kesho. Hakuna binadamu aliyewahi kuutazama mwili wake na kuona ndani yake miaka arobaini. Akalia mbele za watu, kwa sauti, na hakuona aibu.

"Arobaini ni mingi," alisema alipopata pumzi. "Muda wote huo nitakaa wapi nikikungoja?"

"Kwangu. Nyumba ni kubwa."

"Kama nani?"

"Kama mke wangu, kama nani tena? Nimekasirika, sijarukwa na akili."

"Mjibu, mwanangu," alisema Bi Fenje. "Basi limeshaniacha."

"Ndiyo," alisema Hiske.

Roelf akavua jaketi lake, akainua ubao wa meza, na Hiske akapita upande wa ndani.